Pole ya Redioni

Ndugu msomaji, naomba nianze na redio ya mjomba wangu.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi pale Bungu. Kama hupajui, panda gari la kusini pale Mbagala, pita Mkuranga, pita Jaribu Mpakani, na kabla hujaingia Kibiti utaona mikorosho, minazi na watu wanaouza machungwa kando ya barabara. Hapo ndipo. Mjomba alikuwa na genge lake hapo, na juu ya kreti la soda alikuwa na redio ya betri. Alikuwa na tabia moja ya kuchekesha: anabishana nayo. Mtangazaji akisema bei ya korosho, mjomba anajibu "Muongo wewe." Waziri akihutubia, mjomba anamkatiza katikati kama wako kijiweni.

Siku ile tuliporudi shule tulikuta watu wamejaa gengeni, wamenyamaza. Redio inarudia tangazo la Rais Benjamin Mkapa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia asubuhi hiyo, London, katika hospitali ya St Thomas. Rais alipomaliza, mjomba hakubishana. Aliinamisha kichwa akasema, taratibu tu, "Tushapoa."

Bibi yangu alikuwa amekaa pembeni. Akamgeukia: "Wewe unaijibu redio? Imekuja kukaa kwenye mkeka wako?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani. Lakini mimi swali lile la bibi sijalisahau. Nimelibeba mpaka Dar es Salaam, nimekaa nalo kwenye daladala, na leo naomba tulijadili kwa sababu sisi tunaojifunza kuandika tunapaswa kulijua jibu lake. Kiongozi anapoipa pole nchi nzima, anafanya nini hasa na maneno? Na sisi tunaopewa pole, ni lini tunaweza kujibu "tushapoa" kwa moyo mmoja?

Pole ya mkekani

Kabla ya kumpima mkubwa yeyote, tuanzie nyumbani. Msiba wa kwetu una taratibu zake, na kila mtu anazijua bila kufundishwa. Mtu akifiwa, jambo la kwanza ni kwenda. Salamu ya kutumwa haitoshi, labda uwe mgonjwa au uko safarini. La pili ni kukaa. Wanaume barazani au chini ya mwembe, wanawake ndani. Hukai kwenye kiti cha peke yako wakati wenzako wako chini. La tatu ni kuuliza: "Ilikuwaje?" Hapo mfiwa, au nduguye aliyechaguliwa kwa kazi hiyo, anasimulia. Aliamka anaumwa tumbo, tukampeleka zahanati, tukaambiwa twende Kibiti, ilipofika alfajiri akakata roho. Anayekuja baadaye naye atauliza, na kisa kitasimuliwa tena. Mgeni anaweza kuona ni kero. Sio kero. Kila kinaposimuliwa, kifo kinapungua ukali kidogo. La nne ni ubani. Unatoa ulichonacho, elfu moja, kilo ya mchele, au mikono yako ya kuchimba kaburi.

Angalia hata neno lenyewe la "rambirambi". Kwa Kiswahili chetu rambirambi ni maneno ya kumliwaza mfiwa, na ni hizo hizo fedha anazopewa. Lugha imekataa kuvitenganisha. Wazee waliona kwamba maneno matupu na mkono mtupu ni jamaa moja.

Basi mambo ni manne: kwenda, kukaa, kusimulia, kutoa. Hicho ndicho kipimo changu. Twende nacho taratibu.

Kabla ya redio

Ukivuka mto Rufiji kuelekea kusini, unaingia nchi iliyowahi kusikia pole kubwa kuliko zote. Pale Ngarambe, mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mmoja aitwaye Kinjikitile Ngwale alianza kuwahutubia watu. Hawakuwa na msiba wa mtu mmoja. Walikuwa na msiba wa maisha yao yote: kulimishwa pamba ya Wajerumani kwa nguvu, kodi, viboko, mashamba yao wenyewe kuachwa nyasi. Kinjikitile aliwaambia kuna dawa, ni maji, na risasi za Mjerumani hazitawadhuru.

Tusimcheke. Kwa kipimo chetu alifanya mengi sawasawa. Alikaa nao. Aliwasimulia chanzo cha maumivu yao bila kificho, alimtaja mkosaji. Aliwaunganisha Wamatumbi, Wandengereko, Wapogoro na wengine waliokuwa hawajawahi kushika jambo moja pamoja. Wajerumani walimkamata, wakamnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905. Inasimuliwa kwamba hata alipokuwa anakwenda kufa aliwaambia wauaji wake kuwa wamechelewa, dawa imeshafika mbali.

Lakini risasi hazikugeuka maji. Wanahistoria wanakadiria waliokufa katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Hapo tunapata somo la kwanza, nalo ni chungu. Faraja ina nguvu kweli. Inaweza kuwainua watu waliolala. Ila ikiahidi kisichokuwepo, inazaa msiba mkubwa kuliko ule iliokuja kuutuliza.

Ndugu yetu, kijana wetu, mwenzetu

Sasa turuke mpaka jioni ya tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa njiani kutoka Dodoma kurudi Dar es Salaam. Gari lake likapata ajali eneo la Dakawa, Morogoro. Kumbuka huyu ndiye aliyekuwa akiongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi tangu 1983. Mtaani jina lake lilikuwa linatetemesha wenye maghala ya sukari na kuwapa moyo wenye foleni za sukari.

Tangazo hakupewa msemaji. Alilitoa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Wazee waliosikia wanakumbuka namna alivyomwita marehemu: ndugu yetu, kijana wetu, mwenzetu. Hebu tuliza akili hapo, wewe mshikaji unayetaka kuwa mwandishi. Hakuanza na cheo. Alianza na undugu. "Ndugu" wakati ule lilikuwa neno la kila siku la siasa, mpaka limechuja kama kanga ya zamani. Lakini ukiliweka karibu na "kijana wetu", linarudi kuwa na damu. Aliyezungumza hakuwa Rais anayetoa taarifa juu ya Waziri Mkuu. Alikuwa mzee aliyefiwa na kijana. Kwa maneno hayo machache nchi nzima iliwekwa kwenye mkeka mmoja.

Halafu akasimulia: saa, njia, gari, ajali. Kisa kifupi, lakini kisa.

Je, ilitosha? Mazishi yalifanyika Monduli, na tarehe 24 Aprili Salim Ahmed Salim akateuliwa kuwa Waziri Mkuu mpya. Serikali iliendelea. Lakini uvumi nao uliendelea, na mpaka leo, miaka zaidi ya 40 baadaye, ukitaja Sokoine kwenye baraza lolote la kahawa lazima atokee mtu wa kutikisa kichwa na kusema "ile haikuwa ajali". Sina ushahidi wa kuniwezesha kusema hivyo, na sisemi. Ninachosema ni kwamba sauti ya baba inaweza kutuliza machozi usiku ule, lakini maswali yana maisha yao. Yasipopewa majibu ya kina yanakaa barazani, yanazeeka na watu.

Hesabu ya Bukoba

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Rais Mkapa alikuwa na miezi sita tu Ikulu. Akatangaza siku tatu za maombolezo, bendera nusu mlingoti, akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga. Marehemu wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma.

Hapa shida haikuwa sauti ya kiongozi. Shida ilikuwa hesabu. Wapo waliosema 500 na kitu, wapo waliosema zaidi ya 800, wapo wanaosema 1,000, kwa sababu si kila abiria alikuwa ameandikwa popote. Sasa fikiria wewe ni mama wa Bukoba, mwanao alipanda meli na hakufika. Kiongozi anakwambia "nawapa pole wote waliofiwa". Wewe umo kwenye hao "wote"? Mwanao yumo kwenye hiyo namba? Maombolezo ya taifa yanapenda neno "wote", kwa sababu linafunika uwanja mzima kama turubai. Lakini mfiwa hakai chini ya neno "wote". Anakaa chini ya jina moja.

Ndiyo maana naona kuorodhesha majina ni kazi ya faraja, sio kazi ya ukarani. Nchi inayojua idadi ya mikorosho yake na haijui idadi ya waliozama, pole yake ina tundu.

Hofu ya 1999

Nirudi sasa gengeni kwa mjomba. Kwa nini siku ile alijibu redio?

Kwanza, habari haikuja kama jiwe gizani. Wananchi walikuwa wameshaambiwa kuwa Mwalimu anaumwa saratani ya damu na yuko London. Misikitini na makanisani watu walikuwa wanamwombea. Msiba ulibisha hodi kabla ya kuingia, na hodi ni heshima.

Pili, Mkapa alijua kwamba watu hawakuwa na huzuni peke yake. Walikuwa na hofu. Jirani zetu walikuwa wameshaona moto: Rwanda 1994, Burundi, Kongo. Sisi tulikuwa na vyama vingi vya siasa tangu 1992 na bado tulikuwa tunavizoea. Watu wakajiuliza, mzee aliyeshikilia kamba amekufa, mzigo utabaki? Kazi ya Rais siku ile ilikuwa kusema mambo mawili yanayopingana: kwamba tumepoteza mtu asiye na mfano, na kwamba hatujapotea. Ukisema la kwanza tu, umewatisha watu. Ukisema la pili tu, umemdharau marehemu. Mkapa alitangaza siku 30 za maombolezo. Mwili ukafika tarehe 18 Oktoba, watu wakajipanga Dar es Salaam kumuaga, na tarehe 23 akazikwa kwao Butiama, kijijini, sio kwenye makaburi ya fahari mjini. Naamini siku zile zilihutubia kuliko hotuba. Taifa lilipewa muda wa kukaa mkekani, likasimulia kisa chake, usiku na mchana, redioni na mitaani.

Mjomba alijibu "tushapoa" kwa sababu alikuwa ameulizwa vizuri.

Na tatu, nitaongeza hili. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja juu ya mto Rufiji, urefu wa karibu mita 970, likapewa jina la Mkapa. Kabla ya hapo gari la kusini lilikuwa linasubiri kivuko pale Ndundu, na mvua zikizidi watu walikuwa wanalala njiani, wagonjwa kwa wazima. Sisemi daraja lilijengwa kwa ajili ya msiba. Lakini watu wa kwetu walipokuja kumzika kwa redio Mkapa mwenyewe, Julai 2020, walikuwa wanataja daraja. Ubani wake waliuona.

Machi 2021

Mwaka 2021 hodi haikubishwa. Tangu mwisho wa Februari Rais John Magufuli hakuonekana hadharani. Tarehe 12 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, aliwaambia waumini msikitini kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kusambaza habari za ugonjwa. Usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni ya taifa.

Lisikilize tangazo lile kwa kipimo chetu. Alitaja saa: 12 jioni. Alitaja mahali: hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Alitaja sababu: ugonjwa wa moyo. Tena akasimulia safari ya ugonjwa, kwamba alilazwa tarehe 6 Machi katika taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa tarehe 7, akarudishwa hospitali tarehe 14. Hicho ni kisa cha marehemu hasa, kile kile anachosimulia shangazi barazani. Sauti ilikuwa ya chini, haina mbwembwe.

Lakini msikilizaji ana masikio mawili. Sikio moja linapokea pole, la pili linapiga hesabu za tarehe. Watu walichukua tarehe 6, wakachukua tarehe 12, wakaziweka pamoja. Kisa kilichokuja kimechelewa kilibidi kwanza kilipe deni la ukimya uliotangulia.

Siku mbili baadaye, tarehe 19, Samia akala kiapo, mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa nchi hii. Hotuba yake fupi ilijengwa kwa mtindo wa "si wakati wa hili, ni wakati wa lile": si wa kunyoosheana vidole, ni wa kushikana mikono. Ni mtindo mzuri wa matanga, kila imamu na kila padri anaujua. Unakata, halafu unaunga. Na ulifanya kazi yake, nchi ilivuka salama kwa mujibu wa Katiba. Nitauliza swali moja tu, la mwandishi kwa mwandishi. Kidole kinachokatazwa kunyooka, je, kilikuwa kinaonyesha nini? Wakati mwingine kinaonyesha adui wa bure. Wakati mwingine kinaonyesha pale panapouma. Hata katika kumuaga marehemu, tarehe 21 Machi, watu 45 walikufa kwa kukanyagana kwenye uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Msiba ndani ya msiba. Hao nao walikuwa na majina, na walikuwa wamekuja kutoa pole.

Wasiojulikana

Sasa nifike nyumbani. Nimezunguka sana, unaweza kuwa umeshagundua kuwa nilikuwa napaogopa.

Kuanzia 2016 na hasa 2017, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga ziliingia kwenye mauaji. Waliolengwa walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, makada wa chama tawala, askari. Mtu anagongewa mlango usiku, au pikipiki inasimama mbele ya duka lake jioni, inasikika milio, imekwisha. Tarehe 13 Aprili 2017, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa garini mwao kule upande wa Jaribu, ambako sisi tunapita kwenda mjini. Mpaka mwaka ule unakwisha waliouawa walikuwa zaidi ya 30.

Na kila walipotajwa wauaji, neno lilikuwa moja: "watu wasiojulikana".

Hebu tulikague hilo neno kama fundi anavyokagua mbao. "Wasiojulikana." Ni kitenzi cha kauli ya kutendeka, kinajificha nyuma ya "-ikana". Kiswahili kinaturuhusu kusema jambo halijulikani bila kumtaja anayepaswa kulijua. Chungu kimevunjika; nani kavunja? Kimevunjika tu. Neno lile lilianza kama ukweli wa siku ya kwanza, kwamba polisi hawajawatambua wauaji, sawa kabisa. Lakini lilipokaa mwezi, likakaa mwaka, likageuka jina. Watu wakaanza kusema "Wasiojulikana walikuja", kama kabila fulani linalotoka msituni. Watoto wakawa wanatishiwa nalo. Bibi yangu, yule yule wa redio, aliuliza swali lake la pili: "Hawajulikani na nani?"

Tuwe wakweli, serikali haikunyamaza. Rais Magufuli alilaani mauaji ya askari na kutoa rambirambi. Mei 2017 Simon Sirro aliteuliwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, akaja Kibiti, akatangazwa zawadi ya fedha kwa atakayetoa taarifa. Ikaanzishwa kanda maalum ya kipolisi ya Rufiji. Pikipiki zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anategemea abiria wa usiku akala hasara. Na kwa kweli mauaji yale yalikoma. Ni lazima niliandike hilo pia, kwa sababu leo watu wanatembea usiku.

Lakini linganisha. Tarehe 6 Mei 2017, mwezi ule ule, basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nchi nzima ililia. Majeneza yalipangwa kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akaenda. Alikwenda, alikaa, kisa kilisimuliwa, rambirambi zilitolewa. Ilikuwa haki yao wale watoto, Mungu awarehemu. Ila sisi wa Kibiti tuliangalia kwenye televisheni tukajiona. Askari wetu wanane waliagwa kwa heshima Dar es Salaam. Lakini mwenyekiti wa kitongoji aliyepigwa risasi mlangoni pake alizikwa haraka, mchana, watu wakiangalia saa. Hata tanga lilikaliwa kwa woga: saa 12 kila mtu kwake. Nani akae barazani usiku asimulie kisa? Na angesimulia nini? Kisa chote kilikuwa neno moja.

Hotuba zilizotufikia hazikuwa pole. Zilikuwa onyo. Toeni taarifa. Mnawafahamu. Mnawaficha. Labda wapo waliofahamu. Lakini mfiwa na mtuhumiwa waliwekwa kwenye mkeka mmoja, wakahutubiwa kwa sauti moja. Tuliona kitu kama hicho Kagera pia. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Rais alipofika Bukoba Januari 2017 aliwaambia wananchi kwamba serikali siyo iliyoleta tetemeko, na haitamjengea kila mtu nyumba. Kimantiki ni kweli, serikali haileti tetemeko. Lakini hakuna mtu anayekwenda msibani kueleza kwamba hakumuua marehemu.

Halafu kuna mwandishi. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa habari wa Mwananchi pale Kibiti, na alikuwa anaandika habari za mauaji haya. Yaani alikuwa anafanya kazi ya yule ndugu wa barazani: kusimulia ilikuwaje. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufariki. Muda mfupi baadaye akasema maneno yake hayakueleweka vizuri, kwamba hakuthibitisha kifo. Basi familia yake iko wapi katika sarufi hiyo? Kuna kutoweka, kuna kufa, kuna kutoeleweka. Hakuna kaburi. Kwa taratibu zetu tanga haliwezi kuanuliwa kama halijawekwa, na haliwezi kuwekwa kwa mtu ambaye hujaambiwa kama amekufa.

Kwa wenzangu wenye kalamu

Nimeambiwa mara nyingi na wenzetu wa mjini kwamba hotuba za wakubwa ni usanii tu, hazina cha kujifunza. Sikubali. Nyerere alitufundisha neno la undugu linavyofufuka likiwekwa mahali pake. Mkapa alitufundisha kubeba mambo mawili yanayopingana kwa mkono mmoja. Samia alitufundisha kwamba saa, mahali na sababu, vikisemwa polepole, vina utulivu kuliko mapambo. Na Kinjikitile wa kwetu ametuachia onyo la mwisho kuhusu faraja ya uongo.

Ila kuna kazi ambayo kiongozi hawezi kuimaliza hata awe na ulimi wa asali. Yeye anasema na wote, kwa siku chache, halafu bendera inapandishwa. Sisi tunaobaki ndio tunaopaswa kuuliza "ilikuwaje?" na kusikiliza mpaka mwisho. Nimeanza. Nikienda Bungu nakaa na watu, nauliza. Wengine wanasimulia, wengine wananiangalia tu na kubadilisha mazungumzo waulize habari za mjini. Sikuandika jina la yeyote hapa, na nadhani unaelewa kwa nini.

Mjomba bado ana redio, ya kisasa sasa, inaimba mpaka na simu. Siku moja mwaka 2017, nilipokwenda kumsalimia, kiongozi mmoja alikuwa anazungumza hewani juu ya Kibiti. Mwishoni kabisa akasema anawapa pole wananchi. Nilimtazama mjomba nione atasema nini. Mtu aliyebishana na redio miaka yote ile, na akaijibu siku moja.

Alinyoosha mkono, akapunguza sauti, akaendelea kuhesabu machungwa yake.